Kuzuia Kelele na Kufuta Kelele

Katika kazi yetu ya istilahi tumeona maneno "kuzuia kelele" yakibebeshwa dhana mbili. Vizibo vya masikio huzuia kelele. Lakini wazo la Mjerumani Paul Lueg, aliyepewa hataza nchini Marekani mwaka 1936, ni jingine kabisa.

Sauti ni mawimbi ya hewa inayobanwa na kuachiwa. Katika njia hiyo maikrofoni hupokea kelele, na spika hutoa sauti ya pili iliyo kinyume chake: pale wimbi la kwanza libanapo hewa, la pili huiachia. Yakutanapo, hufutana kama deni na malipo yaliyo sawa. Vifaa vya zama za Lueg havikutosha kulitimiza wazo hilo ipasavyo. Mwaka 1978 Amar Bose, akiwa safarini ndani ya ndege, alianza kukokotoa namna ya kulitumia katika visikilizio. Mwaka 1989 kampuni yake ilianza kuwauzia marubani visikilizio hivyo.

Njia hii hufaulu zaidi kwa mngurumo mzito usiobadilika, kama wa injini. Mshindo wa ghafla huiponyoka. Basi mfasiri asemapo "kuzuia" tu, fundi aweza kudhani kwamba masikio yake yamekingwa na mapigo ya nyundo, kumbe sivyo.

Kwa hiyo twapendekeza "kufuta kelele" kwa njia ya Lueg, na "kuzuia kelele" kwa vizibo. Tunawaomba walimu na wafasiri watupime.