Wawili Wasioafikiana Katika Kazi Moja

Somo: Matendo ya Mitume 15:36–41

Biblia haikuficha kwamba Paulo na Barnaba walishindana juu ya Marko. Nasi Ukambani tunayo habari inayofanana na hiyo.

Mwaka 1846 Johann Ludwig Krapf na Johannes Rebmann, Wajerumani waliotumwa na chama cha misheni cha CMS cha Uingereza, walianzisha kituo Rabai, karibu na Mombasa. Krapf alikuwa mtu wa safari. Alitaka vituo vya Injili vifuatane kutoka pwani hii hadi magharibi ya Afrika. Mwaka 1849 alifika Kitui kwa Kivoi, mfanyabiashara mkuu wa Wakamba, na tarehe 3 Desemba akauona mlima Kenya. Sehemu ya Injili aliyoitafsiri kwa Kikamba ikapigwa chapa mwaka 1850. Nayo ilikuwa ya Marko yule yule!

Rebmann naye alikuwa ameuona Kilimanjaro mwaka 1848, lakini katika safari ya baadaye ya Uchaga alinyang'anywa mali yake. Tangu hapo alishikilia kwamba heri kukaa mahali pamoja, kujifunza lugha na kungoja. Walibishana sana, na hatusemi ubishi ule haukuumiza.

Mwaka 1851 Krapf alikwenda Yatta kuanzisha kituo. Njiani kuelekea mto Tana walishambuliwa, Kivoi akauawa, naye Krapf akatoroka peke yake, akitembea usiku, maji yake ameyatia katika mtutu wa bunduki. Alikimbilia wapi? Rabai, kituo kile kile ambacho Rebmann hakutaka kiachwe.

Mwaka 1895 Peter Cameron Scott wa Africa Inland Mission alifika Nzaui, Makueni, akiwa na wazo kama lile la Krapf la vituo vinavyofuatana. Alifariki Desemba 1896, na wenzake kadhaa wakafa katika miaka ile ya kwanza. Twajiuliza kama alikuwapo kati yao mtu wa kusema, "Ngojeni kidogo."

Kwetu mtu wa namna hiyo huitwa mpinga maendeleo. Katika kamati yetu moja mzee aliuliza kama bwawa tulilopanga halitajaa mchanga. Tulimnyamazisha kwa maombi (ndiyo, kwa maombi!), na mkutano uliofuata hakuitwa. Mvua ya pili bwawa likajaa mchanga.

Rebmann alikaa Rabai hadi mwaka 1875, akarudi Ujerumani akiwa kipofu. Akaenda kuishi Korntal, karibu na Krapf, akafa mwaka 1876. Krapf alimfuata mwaka 1881. Mwaka 1887 kamusi ya Kinyika ilitolewa, na jalada lina majina yao yote mawili.

Mzee wetu yu hai. Kamati inakutana Jumamosi, na safari hii tumempelekea barua.