Muziki uliolala chini ya barua

TVRoZAAAAAYA. Ukionyeshwa herufi hizi utadhani mtoto amechezea kibodi. Mimi nilizikuta mwaka jana katika barua-pepe ya mjomba, aliyoituma mwaka 2001, kwenye disketi iliyoandikwa MUSCAT kwa kalamu ya wino. Baada yake ilifuata mistari mingine mingi ya namna hiyo hiyo, kurasa kadhaa, bila nafasi wala nukta. Nusura niifute. Kisha nikakumbuka kwamba barua za mjomba zilikuwa zikifunguliwa zinaimba.

Waliozaliwa juzi hawataamini, lakini kulikuwa na miaka kama saba au minane ambapo barua-pepe iliweza kuja na muziki wake. Hubonyezi kitufe cha kuchezesha. Unaifungua tu, na kabla hujamaliza "natumaini hujambo" kinanda kimeshaanza. Dada yangu alikuwa karani katika ofisi ya wakala wa forodha, na kompyuta yake ilikuwa na programu ya Outlook Express. Jumamosi moja, bosi akiwa hayupo, alimleta mama kusikiliza wimbo wa taarab ambao mjomba alikuwa ameufunga ndani ya salamu zake. Mama aliusikiliza mara nne. Halafu akataka kwenda nao nyumbani.

Hapo ndipo tulipokwama. Tulitafuta alama ya kiambatisho, haikuwepo. Tukabofya kulia juu ya barua, tukapata amri ya kunakili maandishi. Tulipoituma barua kwa anwani ya kaka, yeye akaipokea kwenye tovuti ya barua-pepe, kimya kama kaburi. Mwishowe dada alikwenda kuazima redio kaseti kwa jirani, akaiweka mbele ya spika, akabonyeza kitufe chekundu, akatuamuru wote tunyamaze. Sisi tulinyamaza. Lori lililokuwa linatoka bandarini halikunyamaza, likapiga honi katikati ya ubeti wa pili.

Kumbe wimbo tulikuwa nao muda wote. Ulikuwa chini ya barua, umeandikwa kwa herufi.

Barua-pepe za mwanzo zilijua kubeba maandishi tu, tena ya Kiingereza: herufi, tarakimu na alama chache. Picha au sauti haikuwa na njia rasmi. Mwaka 1992 Wamarekani wawili, Nathaniel Borenstein na Ned Freed, walitoa utaratibu unaoitwa MIME, ambao unaigawa barua katika vipande na kila kipande kinajieleza ni nini: haya ni maandishi, hii ni picha, hii ni sauti. Tarehe 11 Machi mwaka huo Borenstein alituma barua ya kwanza ya aina hiyo. Ndani yake aliweka picha ya kikundi chake cha waimbaji wanne, The Telephone Chords, pamoja na sauti yao wakiimba wimbo wa zamani wa mapenzi waliougeuza maneno ili kuisifu MIME yenyewe. Yaani katika barua-pepe, muziki na picha ni mapacha, wamezaliwa siku moja. Mmoja ndiye aliyeishi.

Ujanja wenyewe uko katika hatua inayoitwa base64. Kompyuta huchukua baiti tatu za faili lolote na kuziandika kama herufi nne za kawaida, ili mitambo ya posta ya intaneti idhani inapitisha maandishi. Gharama yake ni kwamba faili hunenepa kwa theluthi moja. Faida yake ni kwamba ukijua kuangalia, unamtambua mgeni kwa viatu vyake. Faili la muziki la MIDI huanza na herufi MThd, zikifuatwa na tarakimu zisizobadilika, na hizo zikipitishwa kwenye base64 hutoka TVRoZAAAAAYA. Faili la WAV huanza na UklGR. Kila mara, kwa kila mtu, Muscat hadi Mombasa.

MIDI ndiyo iliyofanya yote haya yawezekane kwenye laini za simu. Dakika moja ya sauti yenye ubora wa CD ni zaidi ya megabaiti 10. Kwa modemu ya kilobiti 56 kwa sekunde, ikienda kasi yake yote bila kusitasita, ni kusubiri dakika 25. Nani angelipa? Wimbo mzima wa MIDI ulikuwa kilobaiti 30 au 40, sekunde chache tu. Siri ni kwamba faili la MIDI halina sauti hata tone. Lina maagizo: piga noti hii, kwa nguvu hii, iache sasa, chukua ala ile. Utaratibu huo ulibuniwa ili vinanda vya makampuni tofauti viweze kuzungumza, na mwezi Januari 1983, katika maonyesho ya ala huko California, kinanda cha Sequential cha Mmarekani Dave Smith kiliunganishwa kwa waya na cha Roland, kampuni ya Mjapani Ikutaro Kakehashi, vikaelewana. Mwaka 1991 ikaongezwa orodha ya ala 128 ambazo kila mashine ilitakiwa kuzijua kwa namba. Piano ni namba 1, kodiani ni 22, fidla ni 41. Kalimba imo, namba 109. Udi haumo. Ganuni haimo. Aliyeupanga upya wimbo wa mjomba, sijui ni nani, alilazimika kuazima, na ganuni yake ikapigwa na koto ya Wajapani, namba 108. Nimelithibitisha hilo ndani ya faili lenyewe, na lazima nikiri kwamba wimbo haukuharibika sana.

Sehemu iliyobaki iliwekwa na vivinjari. Mwaka 1995 Microsoft waliingiza katika Internet Explorer amri moja fupi, bgsound, ya kupiga muziki ukurasa unapofunguka. Mwaka 1997 ukatolewa utaratibu wa kuuwezesha ukurasa uliomo ndani ya barua kukitaja kipande kingine cha barua hiyo hiyo kwa kitambulisho chake, cid. Outlook Express ilikuwa inaonyesha barua kwa injini ile ile ya Internet Explorer, hivyo bgsound ikafanya kazi humo bila kusukumwa. Kwenye menyu ya Format mtumaji alichagua Background, kisha Sound, akalitaja faili na kuamua lirudiwe mara ngapi. Wengi, akiwemo mjomba, waliliacha lirudie bila kikomo.

Kwa kuwa kipande hicho kilihesabiwa kuwa sehemu ya ukurasa na si mzigo, hakikuorodheshwa pamoja na viambatisho. Ndiyo sababu tulibofya hadi vidole vikauma. Waliokuwa wajanja kuliko sisi walikuwa na njia mbili tatu. Wengine waliiburuta barua kutoka kwenye programu hadi kwenye uso wa kompyuta, ikageuka faili lenye mwisho wa .eml, kisha wakalikabidhi kwa WinZip, ambayo ilijua kufungua vifurushi vya MIME na ikawatolea wimbo kama inavyotoa faili lingine lolote. Wengine walibonyeza Ctrl na F3, barua ikavuliwa nguo. Ukishuka chini unaona mstari usemao Content-Type: audio/mid, mistari mingine michache, nafasi moja tupu, halafu bonge la herufi hadi mstari wa mpaka. Bonge hilo ndilo wimbo. Unalinakili peke yake, unauacha mpaka nje, unalipitisha kwenye programu ya kufungua base64, na kinachotoka unakipa jina lenye mwisho wa .mid. Njia hii bado inafanya kazi, na ndiyo niliyoitumia mimi.

Nadhani kilichoua muziki huu si watu kuuchoka, ingawa wapo waliouchoka. Ni kirusi. Tarehe 18 Septemba 2001 kilizuka Nimda, kikaenea duniani ndani ya saa chache. Moja ya njia zake ilikuwa barua-pepe iliyobeba programu iitwayo readme.exe, lakini kipande chake kilijitangaza kuwa audio/x-wav, yaani sauti. Internet Explorer ambayo haikuwa imezibwa tundu lake ilisoma tangazo, ikaamini, ikakifungua yenyewe kama inavyofungua muziki, na programu ikaanza kazi. Haikuhitaji ubofye. Kuitazama barua kulitosha. Microsoft walikuwa wameshatoa kiraka tangu Machi mwaka ule, ila kompyuta nyingi zilikuwa hazijakipata. Klez na Badtrans navyo vilipita katika mlango huo huo. Baada ya hapo ilikuwa vigumu kwa mhandisi kuacha kitu kijifungue ndani ya barua ati kwa sababu kimejiita wimbo.

Tovuti nyingi za barua-pepe zilikuwa zinaichuja bgsound, na watu wakazidi kuhamia huko. Outlook ya mwaka 2007 iliacha kutumia injini ya Internet Explorer, ikachukua ya Word, ambayo haina habari na muziki. Viwango vya HTML vya leo vinaitaja bgsound kama amri iliyokufa.

Kuna barua nyingine ambazo hata ukizivua nguo hupati kitu. Watumaji wake hawakulifunga faili. Waliandika anwani ya mahali lilipo, mara nyingi kurasa za bure kama za GeoCities, iliyofungwa Oktoba 2009. Barua mbili za mjomba ziko hivyo. Anwani ipo, imesimama wima, na upande wa pili hakuna mtu. Kwa hiyo kabla hujaanza kazi, tafuta neno bgsound na uangalie kinachofuata: kikiwa cid, wimbo umo humo, kikiwa http, andaa moyo.

Ya 2001 ilikuwa cid. Nilipomaliza nilikuwa na faili la kilobaiti 34, nikampigia mama kwenye simu yangu. Alisikiliza hadi mwisho, kichwa kimeinama, akisubiri kitu ambacho sikujua ni nini. Kaseti ya Jumamosi ile tulimaliza nayo miaka kabla haijakatika.

"Ndio wenyewe," akasema. "Lakini mwanangu, ile honi umeitoa?"