Harvey: Sungura Asiyeonekana Aliyeteka Jukwaa na Sinema

Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, mama mmoja mjane wa mjini Denver, Marekani, alipata habari kuwa mwanawe ameuawa vitani. Mary Chase, jirani yake aliyewahi kuwa mwandishi wa gazeti, akawaza aandike nini cha kumrudishia mama yule kicheko. Baada ya kuhangaika nayo miaka miwili, akaibuka na tamthilia ya Harvey: sungura mrefu kuliko watu wengi, anayeonwa na Elwood P. Dowd peke yake, mnywaji mpole asiyemkosea mtu adabu. Sungura huyo ni pooka, kiumbe wa ngano za Ireland mwenye kujigeuza mnyama. Chase alizipata ngano hizo utotoni kutoka kwa wajomba zake.

Tamthilia ilianza Broadway tarehe 1 Novemba 1944, ikiongozwa na Antoinette Perry. Katika majaribio ya awali mwigizaji alivikwa vazi la sungura akapita jukwaani, na kicheko kikazimika. Vazi likaondolewa, na kwa maoni yangu hapo ndipo kazi nzima ilipookolewa. Maonyesho yalifika 1,775, na mwaka 1945 Chase akapata Tuzo ya Pulitzer.

Filamu ikaja mwaka 1950. Sinema ina hila nyingi za kuonyesha mizimu, lakini mwongozaji Henry Koster hakuzitumia kumuumba Harvey. Picha zilipigwa kwa upana ili pembeni mwa James Stewart, aliyeigiza Elwood, ibaki nafasi ya mtu wa pili, naye Stewart akainua macho hadi kilipo kichwa cha sungura wa futi 6 na inchi 3 na nusu, akampisha mlangoni na kumsikiliza mpaka amalize. Mtazamaji anajikuta akiitazama nafasi tupu akingoja jibu.

Veta, dada yake Elwood, anampeleka kaka yake hospitali ya wagonjwa wa akili, lakini anayeanza kufungiwa ni yeye. Josephine Hull, aliyekuwa Veta tangu jukwaani, alipata Oscar kwa nafasi hiyo, na aliistahili kabisa. Mtazameni dereva wa teksi anapomsimulia Veta kuhusu abiria wake: wakienda hospitalini ni wachangamfu, husimama kutazama ndege na jua likizama, wakirudi wamekwisha dungwa sindano, wamenuna na kumgombeza njia nzima. Veta anasikia, anakimbia kuizuia sindano ya kaka yake. Chase anamtetea mtu mpole bila kuhubiri, na vicheko havikatiki.

Filamu ilipotoka Stewart alikuwa na miaka 42. Mwaka 1970, akiwa na 61, alirudi Broadway kuwa Elwood tena, Helen Hayes akiwa Veta, na mwaka 1972 wawili hao wakaiigiza kwa televisheni.