Posta Kabla ya Kupungua kwa Barua

Imekuwa kawaida kusema kuwa simu ya mkononi ndiyo iliyoiua posta: watu waliacha kuandika barua, posta ikakosa kazi. Kwa upande wa Tanzania maelezo hayo hayalingani na mfuatano wa matukio. Hoja yangu ni kwamba posta ilikuwa imekwisha kupunguziwa nguvu kabla barua hazijapungua.

Posta ya kigeni katika pwani yetu ilianza na ofisi ya Serikali ya India ya Kiingereza iliyofunguliwa Zanzibar mwaka 1868, ikafungwa mwaka uliofuata, na kufunguliwa tena mwaka 1875. Wajerumani walifungua za Bagamoyo na Dar es Salaam mwaka 1890. Waswahili hawakungoja ofisi hizo ndipo waandikiane. Nyaraka zao za hati ya Kiarabu, alizozichapisha C. G. Büttner mwaka 1892, zina adabu ya salamu iliyokwisha kukomaa.

Kilicholetwa na posta ni anwani, na anwani ya Afrika Mashariki ilikuwa na tabia yake. Aghalabu tarishi hakufika mlangoni. Barua ililala katika sanduku lililokodiwa. Asiye na sanduku aliazima la shule, la misheni au la kiwanda alikofanya kazi nduguye. Hivyo herufi S.L.P. zilitaja uhusiano zaidi ya mahali. Barua ilipita mikononi mwa mwalimu mkuu, ikabebwa na mwanafunzi, na mara nyingi mwanafunzi huyo huyo ndiye aliyemsomea bibi yake na kumwandikia jibu, akianza na ile kanuni ya kueleza kuwa yeye ni mzima na hofu ni kwa aliye mbali. Kwa wengi, hiyo ndiyo iliyokuwa shule ya kwanza ya Kiswahili cha kuandika.

Tukumbuke pia kwamba baada ya Jumuiya ya Afrika Mashariki kuvunjika mwaka 1977, shirika lililorithi kazi hiyo liliitwa Posta na Simu. Chini ya paa moja mtu alinunua stempu, alipiga simu ya mbali, alipokea hawala na kuweka akiba. (Katikati ya Dar es Salaam bado huitwa Posta, hata na wasiowahi kutuma barua.)

Paa hilo ndilo lililobomolewa. Sheria ya mwaka 1991 iliitenga benki ya akiba ikawa Benki ya Posta Tanzania. Tarehe 1 Januari 1994 simu zikapewa TTCL, nalo Shirika la Posta Tanzania likaachiwa barua na vifurushi. Kenya ilifanya mgawanyo kama huo mwaka 1999. Waliogawanya walikuwa na sababu: simu zilihitaji mitaji, na watu walingoja laini kwa miaka. Lakini katika mashirika ya namna hii simu ndiyo iliyokuwa ikibeba gharama za kaunta za vijijini. M-Pesa ilipoingia Tanzania mwaka 2008 na kuchukua kazi ya hawala, miaka 14 ilikuwa imepita tangu posta iondolewe chombo ambacho kingeiwezesha kushindana.

Kwa hiyo ninapoona vituo vinavyoitwa Huduma Pamoja vikiwekwa katika ofisi za posta, naliona hilo neno ‘pamoja’ kuwa ungamo la kimyakimya. Benki haikurudi, mwaka 2021 iliacha hata jina la Posta, ikawa Tanzania Commercial Bank. Anwani za makazi, zilizosajiliwa kwa wingi kabla ya sensa ya Agosti 2022, zimeipa nyumba namba na mtaa jina, na zaweza kukifikisha kifurushi mlangoni.

Sanduku, hata hivyo, halijaondoka katika lugha. Mwombaji wa kazi serikalini hutuma maombi yake kwa mtandao, lakini barua anayoiambatisha huielekeza kwa Katibu wa Sekretarieti ya Ajira, S.L.P., Dodoma. Barua hiyo haipiti posta kamwe.