Mchoto: nguvu ya trekta inayoifikia mashine ya kukata nyasi

Mchoto ni sehemu ya nguvu ya injini inayopitia shafti fupi ya nyuma ya trekta ili kuzungusha mashine nyingine. Kampuni ya International Harvester iliuza trekta zenye shafti hiyo kuanzia mwaka 1918, na mwaka 1927 wahandisi wa kilimo wa Marekani wakaiwekea kanuni ya vipimo na kasi. Kiswahili kimeachiwa tafsiri ya kipande kwa kipande ya “power take-off” (PTO), “kitoa nguvu”, ambayo haistahili kubaki katika orodha yoyote ya istilahi.

Kosa lake liko kwenye kitenzi. Kutoa katika hesabu ni kupunguza, na kumtoa mtu nguvu ni kumdhoofisha. Mkulima wa Matiliku, Ukambani, akiambiwa kwamba trekta ina kitoa nguvu, ana haki ya kuuliza kwa nini kifaa hicho kisifunguliwe na kutupwa. Waliolipanga neno hili sambamba na la Kiingereza hawakuisimamia shafti ikizunguka, wala hawakumsikiliza anayeifunga.

Chota ni kitenzi chenye maana kamili: kuchukua kiasi kutoka kwenye kingi, maji kwa kata, unga kwa kikombe. Chanzo hupungua lakini hakikauki. Ndivyo injini inavyofanya kazi, kwani nguvu ileile huendesha magurudumu, huinua mikono ya haidroli na huzungusha shafti, kila kazi ikichota fungu lake. Muundo nao ni wa kale: tega huzaa mtego, cheza mchezo, vuta mvuto, enda mwendo. Kiishio -o hutaja tendo au zao lake, ilhali -ji pamoja na kiambishi m- humtaja mtu. Mchotaji ni binadamu mwenye ndoo. Mchoto ni kile kinachochotwa.

Wapo watakaotetea “pitio”, matamshi ya herufi tatu za Kiingereza, PTO, ambayo kwa bahati yanafanana na jina linalotokana na pita. Kufanana huko hakutoshi. Mapitio yameshakuwa uhakiki wa vitabu na ripoti, na neno lililozaliwa na herufi za kigeni halimfundishi mwanafunzi chochote. Ukambani wenyewe umetoa mfano ulio bora. “Fanya juu”, matuta yanayotengenezwa kwa kuchimba mtaro na kurusha udongo upande wa mlimani, ni kitenzi na kielezi vya Kiswahili, na wataalamu wa hifadhi ya udongo duniani huyatumia maneno hayo bila kuyatafsiri. Hapana kamati iliyohitajika.

Faida ya istilahi hii huonekana katika kulinganisha trekta na mowa, yaani mashine ya kukata nyasi. Nguvufarasi moja ni takribani wati 746, na tarakimu inayotangazwa na muuzaji kwa kawaida ni ya injini, si ya mchoto. Injini ya nguvufarasi 50 huacha mchoto wa karibu 43. Matiliku iko zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, na injini isiyo na tabochaja hupoteza takribani asilimia 3 kwa kila mita 300 za mwinuko. Mchoto halisi huko huweza kushuka chini ya 39. Mowa ya ngoma mbili yenye upana wa mita 1.65 kwa kawaida huhitaji 30 hadi 40, kwa hiyo trekta hiyo huweza kuimudu, lakini bila akiba kubwa. Mowa ya kisu cha meno kinachokwenda na kurudi huhitaji, kwa kila mita ya upana, takribani robo ya nguvu inayohitajiwa na mowa ya visahani, na inatosha kwa shamba dogo la mbeetwa au ndata kivumbu, nyasi za asili zilizofanyiwa utafiti katika kituo cha Kiboko. Uzito nao huamua: mowa huning’inia kando, na kwenye kingo za matuta trekta nyepesi huweza kupinduka hata kama mchoto wake unatosha. Kasi ya kawaida ya shafti ni mizunguko 540 kwa dakika. Ikipungua, visu huzirarua nyasi badala ya kuzikata.