Pombe 72, Miraa 9

Acha niwaambie vile miraa yetu ya Meru ilifungiwa Uingereza.

Mwaka 2009, Profesa David Nutt, mwenyekiti wa baraza linaloshauri serikali ya huko kuhusu dawa za kulevya, alisema pombe na sigara zina madhara kuliko bangi. Akafutwa. Mwaka uliofuata, yeye na wenzake wakapima madhara ya dawa 20, kwa mtumiaji na kwa watu wengine. Pombe ilipata alama 72 kwa 100, heroini 55, bangi 20, miraa 9. Tisa!

Januari 2013, baraza lilelile likaambia serikali ushahidi wa kupiga miraa marufuku hautoshi. Serikali ikapiga tu, Juni 2014. Baa zikabaki wazi. Mkulima wa Igembe akapoteza soko la London.

Na bangi? Tangu Novemba 2018, daktari bingwa huko anaweza kuandikia mgonjwa dawa zinazotokana nayo, hata mtoto mwenye kifafa kikali.

Sisemi eti miraa ni maziwa. Inakula usingizi na pesa. Lakini mkileta mizani, pimeni na chupa zenu pia.