Nane katika Vipimo vya Kiswahili: Kutoka Doti hadi Sumuni

Wengi wetu tumelisikia neno sumuni. Wazee wa Mbarara, sawa na wenzao wa Kampala na Nairobi, walilitumia kwa senti 50, yaani nusu shilingi. Lakini mwanafunzi akilitafuta katika kamusi atakuta thumuni, neno lenye asili ya Kiarabu, na maana yake ya msingi si nusu bali ni sehemu moja ya nane. Imekuwaje sehemu ya nane ikawa nusu? Katika makala haya tunakusudia kulijibu swali hilo, kwa kuwa jibu lake linafunua jambo ambalo aghalabu halifundishwi: Waswahili walihesabu kwa makumi, lakini walipopima na kugawa, mara nyingi walifuata nane.

Tuanze na nguo. Katika biashara ya misafara ya karne ya 19, kitambaa kilipimwa kwa mkono, yaani kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole cha kati. Mkono mmoja ni shibiri 2, na mikono 4 ni pima. Hivyo pima moja ni shibiri 8. Kipande cha mikono 4 kiliitwa shuka, na shuka 2 zilifanya doti, yaani mikono 8. Richard Burton, aliyefika Tabora mwaka 1857 na Ujiji mwaka 1858, aliviandika vipimo hivyo vya shuka na doti. Biashara hiyo ilifika hadi Karagwe, ng'ambo ya mto Kagera, kusini mwa eneo ambalo leo ni wilaya ya Isingiro yaliko makazi ya Nakivale.

Nafaka nazo zilikuwa hivyo hivyo. Vibaba 2 ni kisaga, visaga 2 ni pishi. Kwa hiyo nusu kibaba 8 hujaza pishi. Hata rupia ya Kihindi iligawanywa kwa anna 16 na pesa 64, yaani nane mara nane.

Kwa nini nane? Kwa sababu ya kugawa katikati. Kitambaa kikikunjwa mara tatu hutoa sehemu 8 zilizo sawa bila hesabu yoyote. Kukigawa sehemu 10 kunahitaji rula. Mafungu mawili ya mtama yakilingana, muuzaji na mnunuzi huona kwa macho yao, hata kama hawajui kusoma wala hawana lugha moja. Saa hazikufuata mkondo huu: mchana una saa 12, nasi tunasema na nusu na na robo, lakini hakuna asemaye saa mbili na thumuni.

Sasa turudi kwenye sumuni. Riale ya Maria Theresa, iliyotumika sana pwani, ilikuwa na nusu, robo na thumuni. Thamani yake ilikuwa rupia 2 na ushei. Shilingi ya Afrika Mashariki ilipoanza katika miaka ya 1921 na 1922, rupia moja ilihesabiwa shilingi 2. Basi riale ilikuwa kama shilingi 4, na thumuni yake kama nusu shilingi. Riale ikaondoka, jina likabaki juu ya senti 50.

Wakati huo hesabu ya makumi ilikuwa imekwisha kuingia. Wajerumani waliacha pesa 64 na kuweka heller 100 mwaka 1904. Waingereza wakaleta senti 100 kuanzia 1906. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960, mita na kilo vikashika nafasi rasmi katika nchi zetu.

Mwalimu wa Kiswahili ana faida gani hapa? Kwanza, ipo isimu. Wanafunzi wanaotoka Nakivale wakiwa na Kinyarwanda au Kirundi husema kane na umunani. Wa Mbarara husema ina na munaana. Kiswahili kina nne na nane. Wanaisimu wengi huona humo nne iliyorudiwa: nne na nne. Kiswahili kilipokopa sita, saba na tisa kutoka Kiarabu, nane kilibaki na lake la Kibantu.

Pili, ipo haki ya sokoni. Kilo hutaka tuamini mizani ya mwenye duka. Kopo na nusu kopo, vipimo vya masoko mengi ya kanda hii, hukaguliwa na pande zote mbili papo hapo. Mwanafunzi anayekariri "haba na haba hujaza kibaba" bila kujua ukubwa wa kibaba amepewa methali isiyo na chombo chake. Tunapendekeza pishi, shibiri na doti visifundishwe kama msamiati wa kale wa kugeuzwa kuwa kilo na mita tu. Mwalimu alete kitambaa darasani, wanafunzi wakikunje mara tatu, kisha wahesabu wenyewe.